Kufunga viti vya pedikyua Mbeya: anza na njia ya maji machafu, kiti kije baadaye

Haipiti wiki sijapigiwa simu ile ile. "Dada, kiti kimeshafika kutoka Dar, kipo hapa mlangoni, sasa tunakifungaje?" Nami huuliza swali moja tu: maji yakitoka kwenye beseni yanaelekea wapi? Hapo simu hunyamaza. Wengine wamenipigia wakiwa Kabwe, wengine Uyole, na dada mmoja wa Makambako alinitafuta akiwa ameshapasua taili nusu ya fremu. Nimechoka kurudia, na anayeuliza naye anachoka kusikiliza kwa simu, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Mimi si fundi. Nina saluni, na viti hivi vya kuoshea na kutengenezea miguu nimevifunga mara tatu katika fremu tatu. Ya kwanza, pale Mwanjelwa, nilikosea karibu kila kitu, na mengi utakayosoma hapa chini nimeyalipia kwa pesa yangu. Kazi ya mabomba mpe fundi bomba, ya umeme mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Haya ni ya kwako wewe mwenye saluni, ujue cha kuwaagiza na cha kukagua kabla hujawalipa.

Jua kwanza ni kiti gani

Viti vinavyouzwa viko vya namna tatu.

Kuna kiti kikavu: kiti cha kawaida na beseni lake la kubeba. Maji unaleta kwa ndoo, unamwaga kwa ndoo. Kama ndiyo unaanza na wateja wako ni watatu kwa siku, nunua hiki wala usione haya. Hakina cha kufunga, unaweza kuacha kusoma hapa.

Kuna chenye mabomba ya ndani. Pampu inavuta maji ya beseni, inayapitisha kwenye mabomba yaliyofichwa na kuyarudisha kwa nguvu. Mawimbi yake mazuri, lakini huko ndani mkono wako haufiki. Mwaka 2000 huko California, Marekani, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitoka majipu miguuni. Walipofungua vichujio vya mabeseni wakakuta nywele na ngozi zimejikusanya nyuma yake, na bakteria wamejaa humo. Kwa hiyo ukikuta kiti cha aina hii kinauzwa kwa bei ya kutupa, ujue kuna mwenzako aliyechoka kukisafisha.

Cha tatu ni cha jeti ya sumaku. Hakina mabomba ya ndani; kina kipangaboi kidogo kilichokaa kwenye ukuta wa beseni, na mota iliyo upande wa nje inakizungusha kwa nguvu ya sumaku. Jioni unakichomoa, unakisugua, unakirudisha. Mimi natumia hiki na ndicho ninachomshauri mtu. Hatua zote hapa chini nimeziandika nikikifikiria hiki, ingawa cha mabomba nacho kinafungwa karibu vilevile.

Kabla hujatoa pesa inama usome kibati kilichobandikwa nyuma au chini ya kiti. Unatafuta volti 220 hadi 240 na herzi 50. Viti vingi vilivyotumika Marekani vimeandikwa volti 110 na herzi 60. Ukikichomeka kwenye soketi yetu, mota ya jeti inaungua hata wimbi la kwanza hujaliona. Muuzaji atakwambia "weka transfoma tu." Transfoma inashusha volti, herzi haibadilishi, na mota iliyotengenezwa kwa herzi 60 ikitembea kwa 50 inazunguka polepole na kupata moto. Achana nacho.

Hesabu ya maji moto

Hapa ndipo Mbeya inapotofautiana na Dar. Kule Dar mteja anaweza kutumbukiza miguu kwenye maji ya bomba na akafurahi. Hapa kwetu asubuhi ya Juni maji ya bomba yanauma vidole. Mteja wangu wa kwanza kabisa, mama mmoja aliyetoka sokoni saa mbili asubuhi, aliweka kidole gumba tu kwenye maji, akakitoa, akavaa kiatu chake. "Mwanangu, nitarudi Oktoba." Hakurudi.

Beseni la kawaida linakula lita 20 hivi. Maji mazuri kwa miguu ni nyuzi 37 hadi 40 za selsiasi. Tuseme maji ya bomba yako nyuzi 15 na unayataka yafike 39. Hita ya kufunga ukutani, ile ya papo hapo, ya kilowati 3.5, itakujazia beseni hilo kwa karibu dakika 10. Ya kilowati 5.5 kwa dakika 6. Zote mbili zitakula zaidi kidogo ya nusu yuniti ya LUKU kwa kila beseni, kwa sababu kazi ni ile ile, tofauti ni haraka tu. Anayekwambia hita ndogo "haili umeme" hajapiga hesabu.

Hita ya tangi ni habari nyingine. Tangi la lita 50 lililochemshwa hadi nyuzi 60, ukilichanganya na maji baridi, linakupa karibu lita 95 za nyuzi 39, yaani mabeseni manne na ziada. Yakiisha, hita yake ya kilowati 1.5 inahitaji karibu saa moja na dakika 45 kuchemsha tena. Kwa kiti kimoja chukua ya papo hapo ya 5.5. Kwa viti viwili na kuendelea chukua ya tangi, maana wateja wawili wakikaa pamoja, hita ya papo hapo itawagawia vuguvugu wote wawili.

Hita ya gesi inachemsha vizuri, lakini inafungwa nje ya ukuta, haikai ndani. Na jiko la mkaa ndani ya fremu, naomba lisikae kabisa. Sisi wa nyanda za juu tuna tabia ya kufunga milango kwa baridi, na hewa inayoua, ile ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi tu.

Vitu vya kuwa navyo

Kabla fundi hajaja, hakikisha hivi vipo dukani au mkononi:

- Chaki, futi na pima maji
- Bomba la PVC la inchi 2 kwa maji machafu, na elbo zake za mkunjo mpole (nyuzi 45, zile za 90 zina kona kali)
- Trapu moja kwa kila kiti, yaani ule mkunjo unaobaki na maji ili harufu isipande
- Bomba la PPR la maji masafi, na koki moja ya baridi na moja ya moto kwa kila kiti
- Valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwenye laini ya baridi na ya moto
- Mipira ya fleksibo ya nusu inchi iliyovishwa waya wa chuma, na washa zake za mpira
- Thredi tepu na silikoni
- Hita, waya wake na breka yake (nitaeleza kwenye hatua ya 6)
- RCD ya miliampea 30, yaani kifaa kinachokata umeme palepale ukivuja
- Kipimajoto cha maji
- Tishu ya chooni, roli moja. Usicheke, utaona kazi yake.

Na tenki. Mteja mmoja anatumia beseni la kulowekea, la kusuuzia, halafu la kuosha na la dawa baada yake. Hizo ni lita 60 hadi 80. Wateja kumi ni lita 600 hadi 800 kwa siku. Tenki la lita 1,000 litakuvusha siku ambayo bomba linatoa upepo.

Hatua kwa hatua

1. Chora kiti sakafuni kwa chaki.

Kiti kimoja kina upana wa sentimita 75 hadi 90 na urefu wa mita moja na nusu hivi. Kikilazwa kinarudi nyuma zaidi, kwa hiyo usikigandamize ukutani. Mbele yake acha sentimita 70 kwa anayesugua miguu, na kati ya kiti na kiti acha nusu mita. Chora kwa ukubwa halisi, weka kigoda, kaa, jifanye unasugua. Kiwiko kikigonga ukuta, sogeza chaki. Kusogeza chaki ni bure.

Na pima mlango. Fremu nyingi zina geti la chuma ambalo upande mmoja haufunguki. Kiti karibu chote kinatengana, sehemu ya kukalia na kitako chake, lakini kitako chenye beseni hakikatwi.

2. Zungumza na mwenye fremu, muandikiane.

Kuna njia mbili za kupitisha mabomba. Ya kwanza ni kupasua sakafu. Ya pili ni kujenga jukwaa la sentimita 15 juu ya sakafu, mabomba yakapita chini yake. Fremu ya kupanga, mimi nachagua jukwaa kila mara: ukihama unalibomoa, sakafu ya watu inabaki salama. Ubaya wake ni ile ngazi moja. Bibi akishuka na miguu yenye mafuta, anateleza. Weka ukingo wenye rangi kali na zulia la mpira lisiloteleza.

Ukipasua, andikianeni nani atarudisha taili siku ukiondoka. Mimi sikuandika, na dipoziti yangu ikaishia kwenye hizo taili.

3. Tengeneza njia ya maji machafu. Hii ndiyo kazi yenyewe.

Anza mwisho, rudi mwanzo. Tafuta chemba iliyo karibu inayopeleka maji kwenye mfumo wa majitaka au kwenye shimo la jengo. Fungua mfuniko wake ujionee kwa macho kama maji yanatembea. Mtaro wa mvua ulio mbele ya duka si mahali pa kumwaga maji ya miguu; bwana afya akipita, hutakuwa na la kumwambia.

Sasa pima kimo. Bomba la maji machafu lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Kama chemba iko mita 4 kutoka kwenye kiti, mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 8. Ndiyo maana jukwaa la sentimita 15 linatosha kwa fremu ya kawaida. Kama kimo hakipatikani, nunua kiti chenye pampu ya kutolea maji, inayoyasukuma hadi kwenye bomba lililo juu. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kununua kiti kuliko baada.

Kila kiti kiwe na trapu yake, na maji yaliyobaki ndani ya mkunjo yawe na kina cha kama sentimita 5. Kule Mwanjelwa fundi wangu aliunga mpira wa kiti moja kwa moja kwenye bomba la chemba. "Dada, maji si yanakwenda?" Yalikwenda, kweli. Siku ya tatu jua lilipowaka, harufu ya chemba ikapanda kupitia tundu la beseni, na mteja akajifunika pua kwa ncha ya kanga huku akinitazama kwa huruma. Ilibidi tung'oe kiti kizima kwa ajili ya kipande cha bomba cha elfu chache.

Angalizo: kabla hamjafunika jukwaa au sakafu, mwaga ndoo mbili za maji mfululizo kwenye kila tundu. Simama chembani uhesabu. Maji yakifika kwa kusitasita, mteremko una tumbo mahali fulani. Mrudishe fundi akiwa bado hajalipwa.

4. Vuta maji masafi.

Laini ya baridi na ya moto zije hadi nyuma ya kila kiti, kila moja na koki yake. Siku kiti kimoja kikivuja unafunga hicho tu, vingine vinaendelea na kazi.

Presha inatokana na kimo cha tenki. Kila mita moja kutoka kwenye tenki hadi kwenye bomba inakupa takriban sehemu ya kumi ya bari moja. Tenki lililo mita 3 juu linatoa bari 0.3, na hita nyingi za papo hapo haziwaki kwa presha hiyo. Soma boksi la hita. Kiwango cha chini kimeandikwa. Kama hufiki, weka pampu ndogo ya kuongeza presha au uchague hita ya tangi.

Valvu ya kuzuia maji kurudi usiiruke. Kiti kina mpira wa kusuuzia, na msichana wako lazima siku moja atauacha umezama kwenye maji machafu. Presha ikishuka wakati huo, bomba linanyonya. Maji ya miguu yanarudi kwenye laini ile ile unayojazia birika la chai.

5. Weka hita ukutani.

Iwe karibu na viti ili maji yasipoe njiani, lakini pasipofikiwa na mirusho ya maji. Kama bomba la moto linapita umbali mrefu, livalishe sponji. Ukiweza, ongeza valvu ya kuchanganya inayojirekebisha yenyewe na uifunge kwenye nyuzi 40. Mteja mwenye sukari wakati mwingine hasikii joto miguuni. Maji yatamchoma huku akikuchekea na kukupa stori.

6. Umeme.

Hita ya kilowati 3.5 inavuta ampea 15. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13. Ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24. Kwa hiyo hita haichomekwi popote; inapewa laini yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita 4 na breka ya 20 kwa ile ndogo, waya wa milimita 6 na breka ya 32 kwa ile kubwa. Fundi atakayetaka kuiunga kwenye ekstensheni "kwa leo tu," mshukuru, mlipe nauli, aende.

Kiti chenyewe kinakula umeme kidogo. Soketi ya kawaida inakitosha, ila ifungwe ukutani juu ya usawa wa beseni, isilale sakafuni nyuma ya kiti. Laini zote mbili zipite kwenye RCD ya miliampea 30, na arthi iwe arthi kweli. Fremu za zamani zina soketi yenye tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Mwambie fundi aipime kwa mita mbele yako. Maji, umeme na miguu peku ya mtu viko mahali pamoja hapa, siyo jambo la kubahatisha.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kibodi cha masaji, yaani saketi yake ya ndani, ndicho hufa kwanza. Frijigadi ya kawaida, ile ya kulinda friji, inasaidia.

7. Funika sakafu.

Taili zisizoteleza, zenye mteremko kidogo kuelekea kwenye tundu la sakafuni. Silikoni kwenye kona zote. Hapa hakuna makubwa.

8. Ingiza kiti.

Watu wanne. Washike kitako cha chini, wasishike mikono ya kiti wala midomo ya beseni. Mikono inang'oka na beseni linapasuka ufa usioonekana hadi litiwe maji moto. Kiti kikikaa mahali pake, weka pima maji pande zote mbili, rekebisha miguu yake. Kisha mwaga kikombe kimoja cha maji ndani ya beseni uangalie. Yote yaelekee kwenye tundu. Kikibaki kidimbwi pembeni, inua upande huo. Kidimbwi hicho ndicho kitakachoota utelezi.

9. Unganisha mipira.

Fungua koki kwanza kabla ya kuunganisha, uache maji yatoke kwenye ndoo kwa dakika moja. Vumbi la PPR na mchanga vikiingia kwenye valvu ya kiti, utavitafuta mwezi mzima. Halafu kaza mpira kwa mkono hadi ugome, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Thredi tepu inawekwa kwenye nyuzi za chuma zisizo na washa. Penye washa ya mpira, washa ndiyo inayozuia maji. Tepu inaiharibia kazi. Kukaza kupita kiasi ndilo kosa la vijana wengi wenye nguvu.

Mpira wa maji machafu uwe mfupi na usiwe na tumbo.

Sasa ile tishu. Zungushia kipande kwenye kila kiungo, fungua koki, funga saluni, nenda kalale. Asubuhi pitia kimoja kimoja. Tone lisiloonekana kwa macho linaonekana kwenye tishu.

10. Jaribu.

Jaza beseni hadi maji yapite juu ya jeti, ndipo uwashe. Jeti ikizunguka bila maji hata kwa muda mfupi, bushi na kipangaboi chake vinalika. Iache itembee nusu saa. Pima joto mwanzoni na mwishoni. Halafu jaza viti vyote na uvifungulie kwa pamoja, maana mafundi hujaribu kimoja kimoja na bomba moja linavimudu kimoja kimoja. Maji ya kiti cha kwanza yakitokeza kwenye beseni la cha pili, bomba la pamoja ni dogo au mteremko hautoshi.

Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD. Kikate palepale. Rudia kila mwezi.

Mteja wa kwanza awe dada yako au shoga yako wa karibu, mtu atakayekwambia ukweli kwamba kiti kinamsukuma mgongo vibaya.

Usafi, kwa ufupi

Kila anapotoka mteja: toa maji, chomoa kichujio na kipangaboi, sugua kwa sabuni, suuza. Jaza tena maji baridi, tia dawa, washa jeti kwa dakika 10, toa, suuza. Mimi natumia JIK ya asilimia 3.5, mililita 300 kwa lita 20, ambayo ni kama asilimia 0.05 ya klorini. Kitabu cha kiti chako kikisema dawa nyingine, fuata kitabu. Usichanganye JIK na sabuni ya choo yenye asidi wala chochote chenye amonia. Mvuke wake unakaba. Usiku acha vipande vikauke nje ya beseni.

Mteja mwenye kidonda, au aliyenyoa miguu jana, usimtumbukize. Kwenye mkasa ule wa California, waliokuwa wamenyoa miguu ndio waliopata majipu zaidi.

Kikigoma

Jeti haizunguki lakini mota inaunguruma. Nywele. Chomoa kipangaboi, utazikuta zimejisokota kwenye kijiti chake. Kama ni safi, angalia kimekaa upande sahihi. Kikigeuzwa, sumaku hazishikani.

Maji yanatoka polepole. Anza na kichujio, kisha trapu. Usikimbilie dawa ya kuzibua, inakula mipira. Kama viti vyote vimepungua siku moja, tatizo liko chembani, na huenda ni la jengo zima.

Harufu. Kiti kisichotumika wiki kadhaa, maji ya trapu yanakauka. Mwaga nusu ndoo, subiri saa moja. Ikiendelea, hakuna trapu, haijalishi fundi anaapa vipi.

Hita haiwaki, maji yanapita baridi. Presha. Angalia tenki limebaki na kiasi gani, na safisha kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa kuingilia maji. Mchanga wa siku bomba liliporudi huwa umejazana pale.

Hita inakata breka baada ya dakika chache. Gusa waya wake karibu na breka, kwa nje. Ukiwa wa moto, ni mwembamba au kiungo kimelegea. Zima, mwite fundi.

Mteja anasikia umeme unamtekenya akigusa maji. Zima mein switchi, siyo kiti tu. Hiyo ni arthi au hita iliyopasuka ndani. Usiwape wasichana ndala wakaendelea na kazi. Nimeona saluni ikifanya hivyo.

Unyevu chini ya kiti na hujui unatokea wapi. Rudi kwenye tishu. Kama viungo vyote ni vikavu, jaza beseni tupu usiwashe kitu, usubiri saa moja. Likivuja hapo ni ufa au mpira wa jeti. Likivuja jeti ikiwa imewaka tu, ni mpira wa jeti.

Masaji imekufa, jeti inafanya kazi. Mara nyingi ni adapta. Mota za masaji kwenye viti vingi zinatumia volti 24, na adapta yake ni kiboksi cheusi kama cha laptopu. Soma volti na ampea zilizoandikwa juu yake, ukichukue mkononi uende nacho kwa fundi wa redio na TV hapo mtaani kabla hujaagiza kingine Dar.